Neno la Zizini

Simu iliyolia jikoni haikuwa ya mtu aliyekuwepo. Ilikuwa ya Siviwe, na Siviwe alikuwa jandoni, mlimani ng'ambo ya bwawa, amepakwa chokaa mwili mzima. Huko simu haiingii. Siku ya kuondoka alimwachia dada yake Nomvuzo akamwambia, "Usiizime, dada. Kiwanda kikiniita, wewe utakuwa wa kwanza kujua." Alikuwa anatania. Nyumba nzima ilijua kwamba kiwanda hakiiti mtu Desemba.

Nomvuzo alipangusa unga mikononi akasoma. Akasoma tena huku amesimama, kisha akaketi.

"Kuna nini?" aliuliza mama yake, MaDlomo.

"Wanamtaka Siviwe. Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mtihani wa mikono na kupimwa afya. Aje mwenyewe na kitambulisho. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine."

MaDlomo aliacha kijiko ndani ya sufuria ya mahindi na maharage. "Alhamisi ipi?"

"Hii hii, Mama. Keshokutwa."

Kiwanda chenyewe kilitengeneza ekzosi za magari yanayopelekwa Ulaya. Kiliponunua mashine za kuunga vyuma kwa moto bila mtu, kiliwaomba wazee watoke mapema, na chama cha wafanyakazi kikapigania jambo moja tu likapatikana: kila mzee anayetoka ataje mtoto wake mmoja, naye asipange foleni. Mmoja, si wawili. Mji wa Kariega unaunda magari usiku na mchana, lakini mitaa yake ya KwaNobuhle imejaa vijana wenye vyeti wanaoyaona magari hayo yakipita tu. Kutaja mtoto kiwandani kwao ni kama kumrithisha shamba lenye maji. Wapo waliogombana na ndugu zao kwa ajili ya jina moja lile, na wapo ambao hawajasalimiana hadi leo.

Baba yao, Phakamile Ntshinga, ambaye wazee wenzake humwita Mpinga kwa jina la ukoo wake, alikuwa amemtaja Siviwe.

Aliitwa kutoka nyuma ya nyumba. Aliusikiliza ujumbe akisomewa, akasema, "Walituambia Februari." Alisema hivyo kama vile ujumbe ungesikia na kuona haya.

*

Alimpigia Bi Plaatjies wa ofisi ya ajira. Kelele za kiwanda zilikuwa zimemla masikio, hivyo aliiweka simu kwenye sauti kubwa, na kila aliyekuwa jikoni akasikia.

"Mzee Ntshinga! Unapumzika vizuri?"

"Ninapumzika, mwanangu. Lakini mlisema Februari."

"Tulisema labda Februari. Oda kubwa imekuja. Wakubwa wanataka watu wapimwe kabla hatujafunga kwa Krismasi."

"Kijana wangu yuko jandoni."

"Anatoka lini?"

"Baada ya Krismasi."

"Nakuelewa, mzee. Kwetu hatuendi jandoni, lakini nimefanya kazi na ninyi miaka, nakuelewa. Siwezi kuisimamisha. Ila una haki ya kubadilisha jina. Uje mwenyewe Alhamisi kabla ya saa mbili, utie saini, na huyo mwingine awe na vyeti vyake. Unaye mtoto mwingine?"

Mzee alimtazama Nomvuzo. Nomvuzo hakuinamisha macho.

"Tutaonana Alhamisi," alisema mzee, akaikata simu.

*

"Baba," alisema Nomvuzo.

"Nimesikia kama ulivyosikia."

"Basi nitaje mimi."

Alisema hivyo bila kupiga magoti, na pengine lilikuwa kosa, kwa maana wazee wengine hutaka hata haki yao waombwe kama sadaka. Lakini Nomvuzo alikuwa amechoka kuomba. Alimaliza chuo cha ufundi, fani ya kuunga vyuma, na tangu hapo ilikuwa mwaka wa nne anatafuta. Alijua kila lango la kiwanda, na kila mlinzi wa lango alimjua. Alijua kuwa nakala za vyeti lazima zigongwe muhuri polisi, na muhuri ukipita miezi mitatu nakala ni karatasi ya kufungia maandazi. Kuna wakala wa ajira aliyemdai hela ya soda. Alipoipata, akataka na kisichonunuliwa dukani. Kuna kiwanda kilichomwambia hakina ovaroli za kumtosha mwanamke, kana kwamba ovaroli huota mtini. Kingine kilimwambia hana uzoefu.

"Nomvuzo, mwanangu," alisema mzee, "nililisema zizini."

Kwa watu wote wa ukoo wa Mpinga hilo lilitosha. Nyuma ya nyumba ile ya matofali palikuwa na zizi, duara la magogo, halina ng'ombe hata mmoja, maana mjini ng'ombe atakula saruji. Lakini zizi ni zizi: ndipo wanaume wa ukoo husema na mababu. Siku ya kumpeleka Siviwe, mbuzi alichinjwa, wanaume wa ukoo wakaingia, na Phakamile akasimama katikati yao akiwa na furaha na brandi kichwani. Akatangaza: "Huyu akishuka mlimani, hatatafuta. Anaingia mahali pangu." Wanaume wakaitikia kwa kishindo. Hakuna aliyemwambia aseme.

"Sikuwaambia walio hai tu," aliendelea. "Niliwaambia na walio chini."

"Walio chini hawali, Baba. Wanaokula ni sisi tulio juu."

"Nomvuzo!" alimaka MaDlomo. "Mdomo wako!"

"Mwache," alisema mzee kwa upole, na upole ule ulimuumiza binti kuliko kofi. "Siviwe atashuka akute nini? Mwanamume mpya, blanketi jipya, halafu dada yake amekaa kwenye kiti chake?"

"Si kiti, Baba. Ni kazi ya kuunga ekzosi. Siviwe hajawahi kushika mashine ya kuunga hata ya kuchezea. Geti la zizi lako nani aliliunga?"

Mzee alitazama nje. Lile geti la chuma lilikuwa zuri, mishono yake myembamba na laini. Mwenye kuliunga hakuwahi kupita ndani yake, kwani zizi la wazee na mababu si mahali pa binti kuingia ovyo. Aliliunga akiwa amesimama upande wa nje.

"Liko imara," alisema mzee, akatoka.

*

Siku ya pili aliomba pikapu ya jirani akaenda mlimani. Hakufika kwenye kibanda. Alisimama penye mawe, akakohoa, akasubiri. Mzee Dyani, kungwi wa vijana, alishuka na fimbo yake. Kwa mbali sauti za vijana ziliimba, na Phakamile alijaribu kuitambua ya mwanawe asiweze.

"Mzima?" aliuliza.

"Mzima. Anapona vizuri. Hukuja kuuliza hilo."

Phakamile alieleza. Dyani alisikiliza mpaka mwisho, halafu akajikuna kidevu.

"Kwa hiyo nimwoshe chokaa, nimvike suruali, aende akapimwe mkojo na daktari, kisha nimrudishe hapa jioni? Atarudi akiwa nani, Mpinga?"

"Nusu siku tu."

"Baba yako alipofariki ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa jandoni."

"Ulitoka kwenda kumzika?"

"Niliambiwa siku ya kushuka."

"Basi." Dyani alilainika kidogo. "Hicho kiwanda hakiwezi kusubiri?"

"Hakijui kusubiri."

"Basi nacho hakijapita jandoni," alisema Dyani, akacheka peke yake.

Jioni MaDlomo aliweka chakula mezani, akakaa mbele ya mumewe badala ya kurudi jikoni. Mkewe akikaa hivyo, alijua kuna kesi.

"Mpinga, nenda kwa kaka yako Tolika. Ndiye mkubwa wa ukoo. Mweleze."

"Nimweleze nini? Kwamba neno nililolisema juzi limeshaoza?"

"Mweleze shida."

"Tolika atanicheka."

"Akucheke. Kicheko hakipunguzi unga kwenye debe."

"Wewe hujui wanaume, MaDlomo."

"Nimepika chakula chao miaka thelathini. Nawajua." Alisimama. "Binti yako ameshinda polisi leo. Nakala zote zimegongwa muhuri. Hajakuambia kwa sababu anangoja wewe umwambie."

Mzee alikula, au alijifanya kula. Chumba cha pili pasi ilikuwa inapita juu ya shati, inaenda na kurudi. Angeweza kuinuka akasema neno moja, "Twende." Lilikuwa neno fupi kuliko lile la zizini. Alilitafuta mdomoni, na pale alipolitafuta palikaa Tolika anacheka na wanaume wa ukoo wanatazamana. Alikwenda kulala akijiambia kwamba kesho Bi Plaatjies atamwonea huruma. Mwanamume mwenye haya hupenda sana kutumaini huruma ya watu asiowajua.

*

Alhamisi aliondoka mapema na suti yake ya kanisani. Langoni alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa wafanyakazi, kwa mazoea ya miguu. Mlinzi kijana akamsimamisha.

"Wageni kule, mzee."

"Mimi si mgeni. Mimi ni Ntshinga wa laini ya pili."

"Kadi yako?"

"Niliirudisha."

"Basi wageni kule."

Kule aliandika jina lake kwenye daftari, akabandikwa kifuani kibandiko cha njano chenye neno MGENI. Wenzake wa zamani walikuwa wanaingia zamu. Wengine walimpungia mkono. Mmoja akapaza sauti, "Mpinga! Umekuja kuomba kazi?" Wakacheka kwa mapenzi, naye akacheka nao. Kibandiko kilikuwa kinamwasha kama upupu.

Mwakilishi wa chama alimpita kwenye varanda. Phakamile alimshika mkono akamweleza haraka haraka: jando, Desemba, mila zetu. Yule alikuwa anatazama simu yake. "Baba, nakusikia. Lakini tangu utoke si mwanachama tena, sina mahali pa kusimamia. Kwa nini usimlete mwingine?" Akaingia ndani.

Bi Plaatjies alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti. Ukutani saa ilikuwa inakaribia saa mbili. Phakamile alisema yote aliyoyapanga: kwamba kijana si mtoro, kwamba nusu ya wanaume wa kiwanda kile walipita mlima ule ule, kwamba wangemsubiri mpaka Januari tu. Bi Plaatjies alimpigia bosi wake mbele yake. Alisema "Ndiyo, bwana" mara kadhaa, akaweka simu chini.

"Nimejaribu, mzee. Umeniona nikijaribu."

"Nimekuona, mwanangu."

"Sasa niambie. Una mtoto mwingine?"

Dirisha la ofisi lilikuwa limefungwa, lakini kupitia hapo aliona ua, na ng'ambo ya ua barabara ambako watu wasio na kazi husimama kila asubuhi. Hakutazama vizuri. Alikuwa anatazama ndani yake mwenyewe, na humo alijiona amesimama katikati ya zizi, mkono juu, sauti imejaa. Alijua jibu. Jibu lilikuwa na jina, lilikuwa na vyeti, lilikuwa limepiga shati pasi.

"Mzee Ntshinga?"

"Sina mwingine," alisema.

Bi Plaatjies alisubiri kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake mlango wazi. Kisha akavuta karatasi iliyofuata.

*

Alipotoka langoni alimwona. Nomvuzo alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye uzio, katikati ya vijana wengine, amevaa buti zake za kazi na lile shati, mkononi faili la plastiki. Hakuwa amekuja na baba yake; alikuwa amemfuata. Alivuka alipomwona, si kwa kukimbia, ila kwa hatua za mtu anayejizuia kukimbia.

"Nimekuja kwa sababu ungeweza kuniita," alisema. "Nisingetaka uniite halafu nichelewe. Wamesemaje?"

"Nafasi imekwenda."

"Kwa nani?"

"Mtoto wa mtu mwingine."

Nomvuzo alitazama lango, halafu akamtazama baba yake kwa muda mrefu. Alitaka kuuliza. Swali lilifika midomoni, mzee akaliona, akangoja limwangukie. Lakini binti alinyoosha mkono tu, akakibandua kile kibandiko kifuani pake.

"Umesahau kukitoa, Baba," alisema, akakikunja kikawa kipande kidogo. "Wewe nenda nyumbani. Mimi nitasimama hapa kidogo. Kiwanda cha viti huja kuchukua vibarua wakipungukiwa."

Akarudi kwenye uzio. Mzee alitembea. Hakugeuka, na ninyi mliowahi kumwibia mwanenu mnajua kwa nini hakugeuka.

*

Siviwe alishuka baada ya Krismasi, uso umepakwa udongo mwekundu, blanketi jipya begani. Pombe ya mtama ilijaa madebe. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Wanaume wa ukoo waliingia zizini kumpa nasaha mwanamume mpya, na ilipofika zamu ya baba yake, Phakamile alisimama akazungumza juu ya kunywa kwa kiasi na kuheshimu wakubwa. Akaketi. Watu walitazamana, maana lile walilolingoja halikusemwa.

Baadaye wengi walipotoka kwenda kula, walibaki watatu: Phakamile, Siviwe, na Tolika, kaka mkubwa, ambaye alikuwa na tumbo la mtu asiyeharakishwa na jambo.

"Haya," alisema Tolika. "Kazi ya kijana imekuwaje?"

Phakamile alieleza. Alieleza yote, isipokuwa maneno yake mawili ya ofisini. Tolika alisikiliza, na mwishoni alifanya kile kile ambacho Phakamile alikiogopa: alicheka. Lakini hakikuwa kicheko alichokiogopa. Kilikatika katikati.

"Mdogo wangu, kwa nini hukuja kwangu?"

"Neno lilikuwa limesemwa zizini."

"Neno huingia zizini kwa mlango na hutoka kwa mlango huo huo. Chupa moja ya brandi ya tambiko ingetosha. Tungesimama hapa mimi na wewe, tungewaambia wazee wetu: samahanini, ng'ombe huyu amegoma, tunamfunga nira yule mwingine. Wao hawakulima na ng'ombe waliogoma?" Alitikisa kichwa. "Baba yetu aliyatengua maneno yake humu mara ngapi! Alikuahidi wewe beseni la shaba, akampa nani?"

"Akakupa wewe."

"Kwa chupa moja. Hukumbuki?"

Phakamile alikumbuka. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Alikumbuka vizuri, hata lebo ya ile chupa.

Siviwe alikuwa ameinama kama inavyompasa mwanamume mpya mbele ya wakubwa. Aliomba ruhusa ya kusema. Tolika akampa.

"Baba, mimi kile kiwanda sikukiomba. Ninaosha magari, sijui kuyaunda. Dada ndiye aliyekiomba miaka yote hii." Sauti yake ilitetemeka, akaituliza. "Kwa nini hukumtaja dada?"

Walisikia vicheko vya watu waliokuwa wanakula. Nje ya geti Nomvuzo alipita na beseni la nyama, akasimama kidogo, akalisogeza geti kwa nyonga lisigongane na magogo, akaendelea na safari yake.

"Mmesema siku nyingi kwamba nikishuka, neno langu litasikilizwa," alisema Siviwe. "Nililo nalo ni hilo tu."

"Kijana amesema," alisema Tolika taratibu.

Phakamile alilitazama geti.

*

Machi, mihuri ya Nomvuzo ilikwisha muda. Siku hiyo alikuwa ameitwa kibarua kwenye kiwanda cha viti, kibarua cha kufagia, na alikuwa amekunja uso kwa sababu tangazo la mafundi limetoka na nakala zake zimekufa. Baba yake alisema, "Niachie faili."

"Utajua la kufanya?"

"Nitauliza."

Foleni ya polisi ilikuwa ndefu. Vijana tupu, kila mmoja na faili la plastiki, na katikati yao mzee mmoja na suti ya kanisani. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alivisoma vile vyeti. Hakuwahi kuvisoma. Alisoma alama za kuunga chuma cha pua, alama ambazo yeye na miaka yake yote ya laini ya pili asingezipata, akaona pia tarehe, akahesabu, akakumbuka kuwa siku ile ya mahafali alikuwa zamu na hakuomba ruhusa.

Polisi wa kaunta alianza kugonga bila kuinua macho. "Za kijana wako?"

"Za binti yangu."

"Ana alama nzuri. Muhuri ni wa miezi mitatu tu, mzee, unajua?"

"Najua." Alikuwa amejulishwa asubuhi hiyo hiyo.

"Una watoto wangapi wanaotafuta?"

Lilikuwa swali la kupitisha muda tu. Lakini mzee alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, kama mtu aliyeulizwa mahakamani.

"Nina mwingine," alisema kwa sauti iliyowafanya vijana wa nyuma wamtazame. "Ndiye huyu. Nina mwingine."

Polisi aliinua macho, asielewe, akagonga nakala ya mwisho na kumsukumia faili.

"Anayefuata!"